Fundo la Shaghude

Nyie mnaopiga miayo hapo, mnajua kwa nini siku ya msaragambo, tunapotoka wote kusafisha mfereji, kiongozi ndiye hutangulia topeni na kipande chake ndicho hukaguliwa kwanza?

Zama za mababu, mlima huu ukiwa bado hauna jina, alikuwapo Shaghude mwana wa Mkodo, Shoto-la-Mwamba, aliyepasua majabali kwa moto na maji baridi akauteremsha mfereji kutoka msituni. Akaapa mbele ya watu: "Siku maji yatakapofika shamba la mwisho, fimbo ya utawala nairudisha kwenu."

Miaka kumi na miwili hayakufika. Kila kiangazi yalikatikia njiani, na kila kiangazi Shaghude alipanda peke yake kupigana, kwa maneno yake, na joka la mferejini; akashuka amechanika kifua, maji yakatiririka siku tisa, watu wakamwimbia na kumsihi asiiachie fimbo. Joka angeliweza nani mwingine?

Shamba la mwisho lilikuwa la Nakijwa, bintiye wa kumzaa. Mwaka ule maharage yake yalikauka mara ya tatu, mumewe akafunga mizigo wahamie nyikani.

"Vumilia, mwanangu," Shaghude alimwambia. "Joka la safari hii ni jike."

"Na la mwaka jana, baba? Si ulisema umeumaliza ukoo wake mzima?"

Siku ya msaragambo Nakijwa akapitiliza kipande chake cha mfereji, akaingia kipande cha baba yake, kilichokuwa mwiko kukanyagwa. Wanawake wakamfuata. Joka halikuwapo. Palikuwa na vigogo vya migomba vilivyofungwa kwa kamba na kukandikwa udongo, na nyuma yake maji tele, yametulia. Akaishika kamba, akalitazama fundo. Fundo lile lilifungwa kwa mkono wa kushoto. Ndilo alilofundishwa na baba yake utotoni, wakifunga kuni.

Akalikata. Maji yakaporomoka kwa kishindo, na hapo ukingoni akatokea Shaghude, mkononi ana tawi la mchongoma lenye miiba, kifua tayari kimechanwa nusu.

Nakijwa akaiinua ile kamba iliyokatwa.

"Baba, hili fundo la nani?"

Siku hiyo hiyo aliingia msituni asionekane tena, na fimbo yake ikaokotwa shamba la mwisho, imeletwa na maji. Lakini kwanza alilitupa lile tawi, akasema, na wote wakasikia:

"Nimeziba mimi. Kila mwaka, mimi. Maji yakishafika, mngenihitaji kwa lipi?"