Ishara Aliyoiomba Elikana

Hii nimeletewa, nami naileta kwako. Isome taratibu, usikimbilie funzo, maana ukikimbilia utadhani inawahusu watu wengine.

Katika milima ya Upare alikuwepo mtu mmoja, Elikana Mrutu, wa kijiji cha Kigonji. Elikana alikuwa mnadi wa sadaka. Huko milimani, ibada ikiisha watu hawatawanyiki. Husimama nje ya kanisa, na vile vilivyotolewa madhabahuni, jogoo, mayai, mkungu wa ndizi, hunadiwa pale pale. Elikana akimnyanyua jogoo juu na kuanza kumsifia, hata aliyekuja na nia ya kusali tu anarudi nyumbani na jogoo kwapani. Mwanamume alikuwa na mdomo, tena wa kupendeza.

Ng'ambo ya bonde kulikuwa na kijiji kingine, Mlaro. Vijiji hivi viwili vilitumia ndiva moja, yaani bwawa la kukinga maji ya kijito na kuyafungulia mashambani kwa zamu. Mvua za vuli huko huja kwa kudonoa tu. Bila ndiva, maharage hayafiki kwenye chungu.

Sasa, masika ya mwaka huo yalikuwa makali, ukuta wa ndiva ukabomoka. Na ukuta ule ulikuwa na desturi yake. Nusu hujengwa na Kigonji, nusu na Mlaro, kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, watu wote wakiwa na majembe na mawe yao, na hakuna anayeruhusiwa kuweka jiwe hata moja upande wa mwenzake. Wazee wa zamani walikubaliana hivyo ili asitokee siku moja mtu wa kusema ndiva ni yake peke yake.

Lakini Kigonji na Mlaro hawakuwa wakisemezana, na chanzo kilikuwa mdomo ule ule. Mwaka uliotangulia, katikati ya mnada, mbele ya umati, Elikana alimnyooshea kidole Yusufu Kihiyo wa Mlaro na kumwita mwizi wa maji. Eti alifungulia ndiva siku isiyo zamu yake. Watu walicheka. Kihiyo aliokota kofia yake akaondoka, na watu wa Mlaro wakamfuata.

Haukupita muda, mama yake Elikana akafariki. Kutoka Mlaro hakuja mtu hata mmoja kuzika. Hilo si jambo dogo. Elikana alipokuwa akitupia udongo kaburini alitazama njia ya bondeni, na njia ilikuwa tupu. Uchungu ule aliutunza, akawa anautembelea kila siku kama mtu anayekwenda kumwangalia ng'ombe wake zizini.

Asubuhi moja alikuwa akipalilia migomba, akasikia, "Elikana!"

"Naam!" akaitika, akatupa jembe, akaenda jikoni kwa mkewe, Namsifu. "Mama Elineema, umeniita?"

"Nikuite kwa lipi? Chai umekunywa, kiporo umemaliza."

Akarudi. Akaitwa tena. Akaenda tena, na safari hii Namsifu alimwangalia machoni kuona kama ana homa. Alipoitwa mara nyingine hakwenda popote. Alikaa chini katikati ya migomba, akasema kwa sauti ndogo, "Nena, Bwana, nasikia."

"Nenda Mlaro kwa Yusufu Kihiyo. Mkajenge ukuta."

Lau Elikana angeambiwa aende Ulaya angeuliza tu njia. Lakini Mlaro! Kwa Kihiyo!

Aliingia jikoni akajitupa kwenye kigoda, akamweleza mkewe yote. Kisha akainua macho juu, akasema, "Bwana, tuma mwingine. Mimi si msemaji. Ulimi wangu ni mzito."

Namsifu aliweka mwiko chini. "Ulimi wa nani mzito? Wewe uliyewauzia watu kuku kipofu, ukasema anafumba macho kwa ajili ya kusali?"

"Hata Musa alisema hivyo hivyo."

"Musa alikuwa na kigugumizi, Baba Elineema. Wewe una kinyongo. Bado la Yeremia hujalisema. Sema basi kwamba wewe ni mtoto mdogo, tuwaite wajukuu zako waje wasikie."

Elikana aliona kwamba kwa Musa na Yeremia amekwama, akamkimbilia Gideoni. Huyu alimpenda. Gideoni aliomba ishara na hakukemewa. Alitandaza ngozi ya kondoo usiku, akataka umande ulowanishe ngozi na ardhi ibaki kavu, na ikawa. Elikana hakuwa na ngozi ya kondoo. Akachukua blanketi zuri la mkewe, akalitandaza kwenye majani nyuma ya nyumba, akaenda kulala na moyo mweupe.

Jamani, mtu amezaliwa Upare, amezeekea Upare, na amesahau ukungu wa Upare! Asubuhi blanketi lilikuwa linachuruzika. Majani yalikuwa yanachuruzika. Paa lilichuruzika, na mbuzi naye alikuwa amelowa ndevu. Kila kitu kilikuwa majimaji, kama ilivyo kila asubuhi ya msimu ule.

"Umeona?" Elikana akamwambia mkewe. "Mungu hajasema kitu."

"Nilichoona ni blanketi langu," Namsifu akajibu, akalianika juu ya jiko, na kwa siku kadhaa nyumba nzima ikanuka moshi na sufu mbichi.

Ndipo Elikana akatunga ombi lingine, na ombi hili lilimridhisha sana. "Bwana, kama kweli ni wewe unayenituma, Kihiyo mwenyewe na aje kwanza. Aje apige hodi mlangoni kwangu. Nikisikia hodi yake nitajua, nami nitakwenda popote utakaponiambia." Aliliona ni ombi la haki. Mkosaji ndiye anayepaswa kuanza, na mwenye kufiwa ni yeye.

Namsifu aliposikia alicheka, kisha akaacha kucheka. "Kwa hiyo unamwomba Mungu amtume Kihiyo afanye kazi uliyotumwa wewe?"

"Naomba ishara."

Akaanza kusubiri. Alihamisha kigoda chake akakiweka mahali panapotazamana na njia ya bondeni. Hodi zilikuja, tena nyingi. Alikuja jirani kuomba chumvi, akaja mzee wa kanisa kuuliza habari za mnada, wakaja wajukuu. Kila hodi ilimrusha moyo, na kila mara hakuwa Kihiyo. Basi akawa anaingia ndani akiwa na furaha fulani ya siri ambayo asingependa mtu aione.

Watu wa Kigonji walijenga nusu yao ya ukuta, wakasimama. Nusu ya Mlaro ilibaki shimo, maana bila Kihiyo hakuna wa Mlaro aliyekuja kujenga, na maji ya kijito yalipita pale yakaenda zake. Majani yakaota juu ya mawe mapya. Kiangazi kikasogea kuelekea mwisho wake. Wanawake walikwishachagua mbegu za maharage, wakawa wanazitazama tu.

Siku mawingu ya kwanza yalipoonekana kule tambarare, Namsifu alimkuta mumewe kwenye kigoda chake. Hakupiga kelele. Angepiga kelele, Elikana angemjibu. Alisema tu, "Mama yako angekuwa hai, angekwishakwenda yeye. Angetambaa na fimbo yake mpaka Mlaro, na wewe ungemkimbilia nyuma kwa aibu."

Elikana alijua ni kweli. Akasimama, akavaa koti lake la kanisani. Nje ya mlango alitazama juu.

"Bwana," akasema, "ishara sina. Nilicho nacho ni hasira. Nakwenda nayo hivyo hivyo."

Aliteremka bondeni, akavuka kijito, akaanza kupanda upande wa Mlaro. Njiani alikuwa akijipangia maneno, maana maneno hayakuwahi kumpiga chenga. Ataanza na hili, atamalizia na lile, atatia na kichekesho kidogo katikati. Watu wa Mlaro walimwona akipita. Waliokuwa wakilima waliinua migongo, na hakuna aliyemsalimia.

Alipofika mbele ya nyumba ya Kihiyo maneno yote yalimkimbia. Siku hiyo ulimi wake ulikuwa mzito kweli kweli.

"Hodi," akasema.

Alisikia ndani kitu kikianguka na kuvunjika, kama kikombe.

"Hodi," akarudia.

Mlango ukafunguka. Yusufu Kihiyo alisimama kizingitini, chai imemlowanisha suruali, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona kisichowezekana. Nyuma yake mkewe alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka.

"Ni wewe?" Kihiyo akauliza. "Ni wewe Mrutu?"

"Ni mimi. Nimekuja..." Elikana akatafuta vichekesho vyake, havikuwepo. "Nilikuita mwizi wa maji mbele za watu."

"Maji yale sikuyafungulia mimi."

"Najua. Hata siku ile sikuwa na ushahidi wowote. Nilitaka watu wacheke. Nisamehe."

Kihiyo akakaa pale pale kizingitini, akaanza kulia, mtu mzima mwenye mvi, bila kujificha.

"Baba Haika alikwishaitwa," mkewe akasema kwa niaba yake. "Tangu mama yako alipofariki."

"Ameitwa na nani?"

Kihiyo alijifuta uso kwa kofia. "Siku ya mazishi nilivaa kabisa, kaka. Nikasikia moyoni, wazi kama ninavyokusikia wewe: Nenda Kigonji ukamlilie mama wa Elikana Mrutu. Nikafika mlangoni, nikakumbuka vile watu walivyocheka. Nikavua koti. Sauti ile haikuniacha tangu siku hiyo. Mwisho nikaona nimwombe Mungu ishara. Nikamwambia, Bwana, kama kweli ni wewe, Mrutu mwenyewe na aje kwanza. Aje apige hodi mlangoni kwangu."

Elikana alitazama ng'ambo ya bonde, akaiona nyumba yake mwenyewe, na mbele yake kile kigoda alichokuwa akikalia. Halafu akatazama barazani kwa Kihiyo. Palikuwa na kiti cha uvivu kimeelekezwa upande wa Kigonji, kitambaa chake kimebonyea kwa kukaliwa.

Msimu mzima Mungu alikuwa na waombaji wawili, wamekaa wanatazamana kuvuka bonde moja, kila mmoja akimngoja mwenzake kwa jina la Mungu yule yule.

Waliteremka pamoja mchana ule. Walipita kwanza kwenye kaburi la mama, na Kihiyo akalia kilio alichokuwa anadaiwa. Kisha pembe ya msaragambo ikapigwa Kigonji, ikaitikiwa Mlaro, na watu wakatoka kila upande na majembe.

Walijenga kwa bidii, lakini mawingu yalikuwa yametangulia. Mvua ilikuja ukuta wa Mlaro ukiwa umefika kiunoni tu, na mvua za vuli zilipokatika mapema, ndiva ilikuwa nusu. Mashamba ya juu yalipata maji. Ya chini hayakupata, na shamba la Namsifu lilikuwa la chini.

Alisimama ukingoni na mumewe, wakatazama maharage yaliyonyauka yakiwa na maua bado. Elikana alitaka kusema jambo la kumchangamsha.

"Usiseme kitu," Namsifu akamwambia. "Kwangu mimi, hii ndiyo ishara uliyokuwa ukiingoja kwenye kigoda."

Funzo: Mungu akikutuma kwa mtu, usikae ukingoja ishara, maana huenda ishara yenyewe ni wewe, na kuna mwenzako anakusubiri mlangoni, basi watumie wengine wote ujumbe huu, lakini yule uliyemfikiria ulipokuwa unasoma usimtumie, nenda kwake kwa miguu yako leo.