Apumuaye Hajaacha Wimbo

Apumuaye hajaacha wimbo. Neno hili husemwa sana pale chuoni. Siku moja vijana wa mwaka wa kwanza walilisikia likisemwa kwa mwenzao aliyekuwa akiomba radhi kwa kutoonekana misani muda mrefu. Wakamfuata Matroni Perpetua uani kwa mabweni ya wasichana, alikokuwa akichambua mchicha, wakamuuliza, "Mama, neno hili limetoka wapi? Mbona kwetu hatujawahi kulisikia?"

"Kwenu mngelisikia wapi," alisema Matroni, "nalo limezaliwa hapa hapa, kwenye bwalo mnamolia ugali? Kaeni. Na wewe, kijana, usinikalie mchicha. Lilizaliwa hivi."

Miaka hiyo chuo hakikuwa na kanisa. Wanafunzi Wakatoliki walisali bwaloni. Jumapili asubuhi walisukuma meza ukutani, wakabakiza moja na kuitandika kitambaa cheupe, ndiyo altare. Harufu ya maharage ya jana ilibaki palepale, ikasali pamoja nao. Padre Kolumba, mlezi wao, alikuja kwa pikipiki kutoka parokiani, kanzu ameikunja kiunoni, vumbi limemjaa hadi kwenye kope.

Katika kwaya yao alikuwamo msichana mmoja kutoka Mbinga, jina lake Osmunda. Aliimba sauti ya pili pamoja na rafiki yake Gaudensia, na sauti ya pili ilikuwa ya hao wawili tu, kwa maana wasichana wengine wote walikimbilia sauti ya kwanza, ambako ndiko kwenye kusikika. Osmunda hakutaka kusikika. Alipenda kukaa katikati ya wimbo kama mtu aliyejifunika blanketi, joto la wenzake upande huu na upande huu.

Kwaresima ilipoanza, mama yake aliugua figo. Osmunda aliwaambia wenzake, nao hawakumwacha. Walisali novena nzima, siku tisa za sala, kwa ajili ya mama huyo, wakachangia misa ya kumwombea, wakafunga. Gaudensia, ambaye kufunga kulimshinda hata siku ya Ijumaa Kuu, naye alifunga, akilalamika mchana kutwa. Osmunda alipowasikia wakilitaja jina la mama yake bwaloni, aliamini kabisa kwamba atapona. Angewezaje kutopona, na watu wote hawa wamemwomba Mungu?

Mama akafa.

Osmunda alirudi chuoni baada ya mazishi akiwa amekonda. Watu walimpa pole. Wengine, kwa kukosa la kusema, walimwambia, "Mungu amempenda zaidi." Yeye aliitikia kwa kichwa na kupita, lakini moyoni aliuliza: sisi tuliomwomba abaki, je, hatukumpenda?

Matroni ndiye aliyegundua kwanza kwamba kuna jambo. Siku moja, yeye akiwapo, Padre Kolumba alimkuta Osmunda mlangoni mwa bweni, akamsalimu kama ilivyo desturi, "Tumsifu Yesu Kristo." Badala ya kujibu "Milele, amina," Osmunda aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo, Padre." Ilikuwa salamu ya heshima, hakuna awezaye kumlaumu. Padre aliitikia, "Marahaba, mwanangu," akamtazama mpaka alipoingia ndani.

Tangu siku hiyo hakuonekana tena kwayani wala misani. Darasani alikwenda, bwaloni alikula, lakini kengele ya sala ilipogongwa alikuwa na nguo za kufua. Gaudensia alimfuata kisimani, akamsaidia kufua, wakaongea habari za mitihani na za mwalimu wa hisabati mwenye viatu vinavyolia. Hakumwuliza kitu. Aliogopa kwamba akimwuliza, Osmunda atasema kwa mdomo kile ambacho bado kilikuwa moyoni tu.

Jumamosi moja alasiri, Osmunda aliamua kurudisha sare ya kwaya, kitenge cha kujifunga. Alikikunja kile kitenge vizuri, akakipiga pasi hata pale ambapo hapakuwa na mkunjo, akaenda nacho bwaloni. Nia yake ilikuwa kukiweka mezani, aseme asanteni, aondoke asirudi tena.

Alipofika mlangoni aliwakuta wanafanya mazoezi ya wimbo wa Pasaka. Mwishoni mwa wimbo huo palikuwa na "Aleluya" moja ndefu isiyokwisha, na kila sauti ilitakiwa kuishika mpaka mwalimu wa kwaya ashushe mkono. Mwalimu wa kwaya alikuwa Dismas, mwanafunzi mwenzao, ambaye kushusha mkono kwake kulikuwa kwa nadra kama mvua ya Agosti.

Sauti ya kwanza ilikuwa na watu wengi. Akiishiwa huyu, yule anaendelea. Lakini sauti ya pili ilikuwa imebaki na Gaudensia peke yake. Osmunda alimwona rafiki yake amesimama, shingo imetoka mishipa, ameing'ang'ania sauti kwa pumzi moja kama mtu anayeshikilia mlango usifunguliwe na upepo. Macho yakamtoka, akaangukia benchi hadi sakafuni na kuangusha vikombe vya chai vilivyokuwapo.

"Kwaresima imemwangusha!" alipiga kelele mtu wa sauti ya nne. "Amefunga huyu!"

"Sijafunga mimi," Gaudensia alijibu kutoka sakafuni, akihema. "Nimekula maharage, nikaongeza."

Watu wakaangua kicheko. Dismas, ambaye alikuwa ameogopa kuliko wote, akajifanya mkali. "Sasa mbona hukupumua, dada? Hii ni kwaya. Hatushindani kupiga mbizi."

"Ningepumua saa ngapi? Nikipumua, sauti ya pili yote imekufa. Nani angeshika?"

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyetaka kutazama mlangoni, na kwa namna walivyokwepa, Osmunda alijua kwamba wote wamemwona.

Akaingia. Alipiga magoti kando ya Gaudensia, akaanza kumpepea kwa kile kitenge alichokipiga pasi. "Pole, Gau. Ni kwa sababu yangu."

"Ndiyo, ni kwa sababu yako," alisema Gaudensia, ambaye hakujua kudanganya kwa adabu. "Pepea huku shingoni."

Padre Kolumba, aliyekuwa nje akitengeneza pikipiki yake, alisikia vishindo, akaingia akipangusa mikono yenye grisi. Aliona kitenge, akaelewa. "Umeleta sare, mwanangu?"

"Nimeileta, Padre. Naomba mniwie radhi." Sauti ya Osmunda ilikuwa ndogo. "Siwezi tena. Nikisimama nikaimba, naona nasema uongo mbele ya watu. Hata sala ya Nasadiki siwezi kuisema. Neno la kwanza tu linanikwama. Tuliomba wote, Padre. Hata wewe uliomba."

"Niliomba."

"Sasa?"

Padre alikaa kwenye benchi. "Sijui, mwanangu," alisema. "Tangu siku ya mazishi natafuta la kukuambia, na sijalipata. Nikikuambia nimelipata, nitakuwa mimi ndiye ninayesema uongo."

Osmunda alikuwa amejiandaa kubishana na majibu mengi, lakini hilo hakuwa amelitarajia. Machozi yakamlengalenga. "Basi ndiyo maana nimeacha," alisema. "Msinisubiri. Nimeacha kabisa."

"Acha, lakini kwanza nisaidie," alidakia Gaudensia, akijiinua. "Simama hapa kwangu kidogo. Usiimbe maneno, maneno nitaimba mimi. Pumzi ikiniishia nitakubinya mkono, wewe toa sauti tu, 'aaa.' Nikishavuta pumzi, nyamaza."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Unataka nife na mimi, Padre apate mazishi mengine?"

Mtu mmoja akasema "Gau!" kwa kushtuka, lakini Osmunda alikuwa ameshatabasamu, tabasamu la kwanza tangu arudi. Akasimama.

Dismas akainua mkono. "Aleluya" ikaanza, ikapanda, ikafika mahali pale pa kuua watu. Osmunda akahisi kubinywa. Akafungua mdomo, "aaa," na rafiki yake akanyamaza kando yake, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Kisha Gaudensia akarudi, na Osmunda akanyamaza. Wakapokezana hivyo mpaka Dismas, kwa kuridhika, akaushusha mkono.

"Imepita!" alisema. "Sauti ya pili, nani aliyepumua? Sijasikia ilipokatika."

"Mimi nimepumua," alisema Gaudensia. "Tena si mara moja." Akamgeukia Osmunda. "Osi, nilipopumua, niliacha wimbo?"

"Hapana."

"Lakini nilinyamaza. Mdomo wazi, sitoi kitu. Utasemaje sikuacha?"

"Ulikuwa unapumua tu, Gau. Na mimi nilikuwa nimeshika."

Alipokwisha kusema, Osmunda mwenyewe akasikia alichosema. Bwalo zima nalo likasikia.

"Basi na wewe pumua," alisema Gaudensia, sasa kwa upole. "Sikuambii uamini kesho. Pumua, hata ukikawia, sisi tumeshika. Ila pumulia hapa hapa karibu nasi. Ukienda kupumulia mbali, nami nikichoka, nitambinya nani?"

Hapo ndipo Dismas, akikusanya karatasi zake za nota, aliposema kama anayetoa kanuni ya kwaya, "Ndiyo hivyo. Apumuaye hajaacha wimbo."

Osmunda alikichukua kile kitenge akajifunga. Hakuwa amekubali neno lolote; alasiri ilikuwa imeanza kuwa na baridi, basi. Lakini Jumapili alikuja, na Jumapili iliyofuata. Alisimama katikati ya kwaya kimya, akitoa "aaa" yake alipobinywa. Mmoja wa sauti ya kwanza alinong'ona kwamba wameweka nguzo katika sauti ya pili. "Nguzo ndiyo inayobeba paa," Gaudensia alimjibu. "Wewe imba."

Pasaka ikafika. Bwalo lilijaa maua ya porini. Baada ya mahubiri watu walisimama kwa Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, na Osmunda akanyamaza kama kawaida yake, huku Gaudensia akiisema kwa nguvu kando yake, kwa ajili ya wawili. Lakini walipokaribia mwisho, Gaudensia alimkumbuka yule mama wa Mbinga aliyekuwa akimtumia na yeye karanga, ingawa hakuwa mwanawe. Akanyamaza.

Ndipo akasikia kando yake sauti ndogo, kavu kama mlango wa siku nyingi, ikisema, "Nangojea na ufufuko wa wafu."

Neno "nasadiki" lilikuwa bado limemshinda Osmunda. Lakini "nangojea" aliliweza. Kungojea alikuwa anangojea kweli, kila siku tangu walipomfukia mama yake, wala hakuwa amejua kwamba hata hilo limo katika sala.

Misa ilipokwisha, Gaudensia alimwambia, "Nimekusikia."

"Umesikia nini? Mstari mmoja?"

"Ndio huohuo ulionishinda."

Matroni Perpetua aliukung'uta mchicha wa mwisho. Msichana mmoja akauliza, "Na ile mistari mingine, Mama, aliisema lini?"

"Aliiokota mmoja mmoja. Mingine nadhani hata leo anashikiwa," alisema Matroni. "Na mimi nashikiwa. Yuko nani kati yetu awezaye kuisema yote kwa pumzi moja? Apumuaye, wanangu, hajaacha wimbo."