Mtoto wa Kushikiwa Asubuhi

Ndugu zangu, leo sitaki mtikise vichwa. Nataka msikilize.

Alikuwepo mwanamke mmoja, bado kijana, aliyezama kwenye unga. Mtaani wakimwita teja. Akajifungua, akamtazama mwanawe, akaamua kuacha. Akaenda mwenyewe kliniki ya methadoni, dawa ya kuachia unga, akapokewa. Dawa ni bure, ila sharti uinywe palepale kila asubuhi, muuguzi anakuona. Na foleni ile ya watu wanaokohoa si mahali pa kupeleka mtoto.

Akabisha hodi kwa jirani. "Dada, nishikie mtoto. Nikinywa dawa tu narudi."

Jirani akamjibia mlangoni. "Mimi nina vitu vyangu humu ndani. Jaribu kwingine."

Akaenda kwa mama mmoja wa darsa, mwanamke wa swala tano.

"Mwanangu, nitakuombea dua."

"Dua naitaka, mama. Lakini mtoto nimwache wapi?"

Mama akafunga mlango.

Mnajua nani alimpokea? Yule aliyekuwa akimuuzia unga. "Mlete," akasema. "Mtoto hana kosa." Akamwogesha, akampikia uji, na mama mtu akirudi anakuta chai.

Hata siku moja mtoto akashikwa na homa, mama asiweze kwenda kliniki. Arosto ikampiga: mifupa inauma, anatapika, anatetemeka. Yule muuza unga akamwambia taratibu, "Vuta kidogo tu, upate nguvu za kumlea mwanao."

Akavuta. Kliniki hakurudi tena. Mwezi wa Shaabani wakamzika.

Na mtoto je? Sikilizeni. Matanga hayajaisha, jirani yule na mama yule wa darsa wakamgombania. Kila mmoja anataka kumlea yeye, maana thawabu za kulea yatima ni kubwa.

Thawabu gani hizo, zinazongoja mama mtu afe kwanza?

Tunasema hawa watu hawataki kuacha. Waongo sisi! Dawa ipo, wauguzi wapo, wenyewe wanatoka wakiwa wagonjwa kwenda kupanga foleni. Sisi ndio hatupo. Muuza sumu anatushinda ukarimu, halafu tunakaa humu msikitini tunamlaani. Atakosaje wateja, ikiwa mlango ulio wazi mtaa mzima ni wake tu?

Kesho asubuhi kliniki itafunguliwa. Waliolala na nia ya kuacha mnawajua, ni watoto wenu na wajukuu zenu. Nendeni nao. Kaeni nao kwenye benchi. Wapikieni.

Na wewe utakayewafungia mlango, siku ya maziko usinisukume upate thawabu za kubeba jeneza.