Magimbi ya Eliamani

Mtu mmoja, jina lake Eliamani, alikabidhiwa bomba la maji la kijiji kizima. Lilianzia kwenye tangi mlimani, likapita kando ya nyumba yake, likateremka mpaka kwenye kioski cha kuchotea maji cha Bondeni. Kazi yake ilikuwa kulikagua, ili maji yanayotoka juu ndiyo yafike chini.

Karibu na nyumba yake kiungo kimoja kililegea. Maji yakavuja kimyakimya, na penye vumbi pakaota majani. Eliamani alipaona, akafurahi, akapanda magimbi. Yalistawi kiangazi chote, hata wapita njia wakawa wanasimama kuyatazama, na mchungaji akamsifu mbele ya washarika kuwa ni mtu mwenye mkono wa baraka. Eliamani alijua kilichokuwa chini ya magimbi yale. Alijiambia ni matone tu, na matone hayamdhuru mtu.

Bondeni maji yalipungua, kisha bomba likawa linatoa upepo tu. Watu wakarudi kuchota mtoni, pale pale ng'ombe wanaponywea, na watoto wakaanza kuharisha. Kikao kilipoitwa, Eliamani alisimama akaeleza bila kigugumizi kwamba tangi ni dogo, lijengwe jingine. Wakampigia makofi, wakaenda kuchimba msingi.

Wala hakuwa mtu mbaya. Habari za wagonjwa zilimchoma moyo. Aling'oa magimbi yaliyonona, akajaza kikapu, akateremka nacho mwenyewe hadi kwa Bibi Nakiete, ambaye mjukuu wake alikuwa amelala mkekani, midomo imemkauka. Bibi alipokea kikapu kwa mikono miwili, akashukuru kama adabu inavyotaka. Kisha akamtazama usoni.

“Mwanangu, magimbi tumeyapata. Maji ya kuyachemshia tutayatoa wapi?”

Eliamani aligeuka akatoka. Alipanda mlima huku aibu ikimwunguza, akachukua jembe, akaingia shambani mwake. Mkewe alimsihi angoje walau mavuno. Hakungoja. Aling'oa yaliyokomaa na machanga, akachimba tope mpaka akakifikia kiungo, akakikaza kwa nguvu zake zote. Majirani walisema amerukwa na akili, kwa maana hapakuwa na shamba zuri kama lile mlimani kote.

Jioni ile bomba la Bondeni lilikohoa, likatema kutu, likatoa maji. Sufuria ya Bibi Nakiete ikakaa motoni, na mjukuu akanywa maji safi mpaka akashiba. Tangi la zamani liliwatosha wote. Msingi wa lile jipya upo hadi leo, mbuzi hupumzika humo.

Basi wewe unayesifiwa kwa shamba lako la kijani wakati wengine wana kiu, hebu jiulize: linakunywa maji ya nani?