Mhuri Hauna Macho

"Mhuri hauna macho, mwenye mhuri ndiye aone." Mmemsikia karani akimwambia mtu hivyo leo asubuhi, nanyi mmenijia mbio kuuliza msemo huo umetoka wapi. Haya, kaeni. Ulizaliwa hapa hapa mjini kwetu, na anayebisha alete hadithi yake.

Zamani kidogo, mwenye duka la dawa akitaka kibali, sharti ale kiapo mbele ya wakili kwamba dawa zake zinasimamiwa na mfamasia wa kweli. Mfamasia naye aape, watie saini, wakili ashuhudie, ndipo agonge mhuri. Lakini Wakili Mgaza alipenda mno kucheza bao. Basi karatasi tupu alizigonga mhuri mapema, rundo zima, akaziacha kwa muuza magazeti. Unachukua yako, unajaza, umekwisha kuapa. Mji mzima uliapa hivyo. Nasikia hata jogoo mmoja alikuwa na kiapo chake.

Bi Nasemba alikuwa mgeni. Nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe aliiuza ili afungue duka la dawa. Akikosa kibali, basi tena.

"Chukua tu, dada," muuza magazeti akamwambia. "Mhuri si huo hapo?"

"Huo mhuri umeniona lini nikiapa?"

Mfamasia wake, Chande, alikuwa amevunjika mguu, plasta hadi pajani. Bi Nasemba akampakia kwenye mkokoteni, akausukuma mwenyewe kukatiza soko, watu wakimzomea: "Mama, siku hizi na maiti wanaapa?" Akamkuta wakili kwa kinyozi, shavu moja limenyolewa, jingine lina povu.

"Mheshimiwa, tutazame tukiapa."

"Ngoja basi nimalize ndevu!"

"Ndevu zitaota tena. Duka langu likifungwa halioti."

Wakaapa pale pale, Chande akiwa chali, wakili akishuhudia na povu lake.

Haukupita muda, mkaguzi wa dawa akatua. Habari za rundo zilikwishamfikia. Akazitandaza karatasi mezani, akamwita wakili mbele ya wenye maduka. Mzee Shomvi, mwenye duka kubwa kuliko yote, akajitutumua: "Mhuri wangu huo, unang'aa kama mbalamwezi!"

"Mhuri nauona," mkaguzi akasema. "Wakili, wewe ulimwona huyu akiapa?"

Wakili akatazama viatu vyake. Akaulizwa juu ya mwingine, viatu; na mwingine, viatu. Ilipofika zamu ya Bi Nasemba, wakili aliruka kama aliyechomwa sindano.

"Huyu! Wallahi huyu nilimwona! Na mfamasia wake, na mkokoteni! Harusi ya binamu yangu niliihudhuria na ndevu upande mmoja kwa sababu ya huyu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Siku ile maduka yote ya dawa yakatiwa kufuli mpaka wenyewe waape upya. La Bi Nasemba peke yake likabaki wazi, foleni ikazunguka soko, na waliomzomea ndio waliowahi mbele. Hata Mzee Shomvi alipanga mstari na kikohozi chake.

"Lakini binti yangu," akalalamika dirishani, "mhuri wangu na wako si ule ule?"

Bi Nasemba akamkabidhi chupa ya dawa kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Ni ule ule, baba. Ila mhuri hauna macho. Mwenye mhuri ndiye aone."