Posa ya Timu ya Mwambani

Hapo zamani za kale, wanangu, kila mnyama alikuwa na shule yake, na kila shule ilikuwa na timu ya mpira. Ligi zilikuwa mbili: ya Mtoni, mkubwa wake Kiboko, na ya Nyikani, mkubwa wake Tembo. Mwaka mmoja ikavuma kwamba ligi zinapangwa upya na wakubwa wanachagua timu wanazozitaka. Atakayeachwa hana wa kucheza naye tena.

Pimbi, mwalimu wa timu ya Mwambani, akaenda kwa Tembo.

"Shikamoo mzee. Na sisi tumo?"

Tembo akacheka mpaka masikio yakalia pwata, pwata. "Mwanangu, hao vijana wako nitawaona kwa miwani gani?"

Kwa Kiboko hakufunguliwa hata mlango. Pimbi akarudi moyo unamuuma, maana vijana wake walijua mpira, na yeye ndiye aliyewafundisha.

Akamwambia mkewe, "Mama Chechei, tandika mikeka. Bandika pilau."

"Kuna wageni?"

"Wewe pika tu, mke wangu."

Harufu ikapanda. Chiriku, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akatua uani. "Shemeji, leo mnaposwa?"

"Mambo ya posa hayasemwi kabla ya wakati wake," akajibu Pimbi, akaendelea kufagia.

Purrr, Chiriku huyo! Jua halijatua, Mtoni wanasema washenga wa Tembo wako Mwambani kuiposa timu, wanakula pilau. Nyikani nao wanaapa kwamba ni washenga wa Kiboko.

Tembo akaja mbio, tii, tii, tii, na kijiji kizima nyuma yake. "Mwalimu Pimbi, usimjibu Kiboko. Njooni kwetu."

"Tuna masharti, mzee. Timu za Nungunungu na Kobe, ambazo nazo hazikutakiwa, ziingie pamoja nasi. Na mechi zetu za nyumbani zichezwe hapa hapa mwambani."

"Nimekubali, na wote hawa ni mashahidi."

Kisha akachungulia ndani. "Mbona siwaoni washenga wa Kiboko?"

"Mimi sikuwataja, mzee. Pilau tumekula wenyewe."

Lakini neno lilishatoka mbele ya mashahidi. Mkubwa hali matapishi yake.

Mechi ya kwanza, vijana wa Tembo waliteleza juu ya mwamba, puu, puu, na Mwambani wakashinda. Mama Chechei akapiga vigelegele. Pimbi akasimama kifua mbele, akijiona mrefu kuliko twiga.

Wanangu, mdogo akijua thamani yake, mkubwa humfuata mpaka mlangoni.