Msusi wa Zimwi

Sogeeni, na anayesinzia aamshwe. Palikuwa na Siwema, msusi wa kijiji. Hakuna mwanamke pale ambaye kichwa chake hakikuwahi kulala mapajani mwake.

Siku moja alimsuka Bi Mwajabu, mke wa jumbe, nyumbani kwake. Siwema alipoondoka, bangili ya fedha ya Bi Mwajabu haikuonekana.

"Nani mwingine aliingia humu?" Bi Mwajabu akapiga kelele. Kijiji kizima kikaitikia: mwizi!

Siwema akaenda nyumba ya kwanza. "Hodi!" Kimya. Akaenda ya pili. "Hodi, mwenzenu!" Kimya. Ya tatu ilikuwa ya mama yake mzazi. "Hodi, mama!" Akasikia komeo likisukumwa.

Basi akashika njia ya porini mpaka pangoni kwa zimwi mla watu. "Hodi," akasema, maana hakuwa na cha kuogopa tena.

"Karibu," likajibu zimwi. "Nywele zimenisonga tangu nizaliwe. Nani angethubutu kunishika kichwa?" Siwema akaketi, akalisuka, akakaa humo humo.

Masika yakapita. Bi Mwajabu akasogeza mtungi wake wa maji, na bangili hii hapa chini yake! Wakakimbilia pangoni wote, kwa njia waliyomwona akiishika, mama mtu mbele.

"Hodi! Hodi, Siwema! Hodi, mwanangu! Bangili tumeikuta chini ya mtungi!"

Likatoka zimwi, kichwa kimesukwa kikasukika.

"Bangili mmeikuta chini ya mtungi," likasema. "Na jina la Siwema mtalikuta chini ya nini?"

Zimwi likarudi ndani, na mama akasikia jiwe la mlango likisukumwa.